Kukusanya komiki za vichekesho za zamani na kumalizia seti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Komiki za vichekesho za zamani ni zipi hasa?

Ukitaja komiki, watu wengi akili inakimbilia kwa wale mashujaa wanaoruka angani na kupigana, na soko lenyewe limewazoea hao, lakini kuna upande mwingine mkubwa tu ambao kazi yake ilikuwa moja, kumchekesha msomaji. Huko ndo kuna bata wa Disney waliochorwa na Carl Barks, kuna Little Lulu ya John Stanley, kuna Archie aliyejitokeza kwanza ndani ya Pep Comics namba 22 ya Desemba 1941, kuna Mad ya Harvey Kurtzman iliyoanza 1952. Uingereza kuna Dandy (Desemba 1937) na Beano (Julai 1938), Ufaransa kuna Asterix wa Goscinny na Uderzo aliyeanzia kwenye jarida la Pilote 1959, Hispania kuna Mortadelo na Filemón wa Francisco Ibáñez tangu 1958, na Brazil kuna Mônica wa Mauricio de Sousa aliyepata jarida lake mwenyewe 1970. Hiyo "zamani" kila mtu ana mpaka wake, mimi wangu unaishia katikati ya miaka ya 80, wewe weka wako ila ukishauweka usiuhamishehamishe maana hautamaliza seti hata moja.

Mimi ndo naanza, nianze na nini?

Anza na mfululizo mfupi. Nalisema hili kwa kila mtu na wengi hawanisikii, wanaenda moja kwa moja kwenye kitu chenye matoleo 300, mwaka wa kwanza moto, mwaka wa pili wamechoka, wa tatu wanauza boksi zima kwa hasara.

Mifululizo mifupi mizuri ipo, na mingi imetoka kwenye mikono ileile. Kurtzman alipoondoka Mad alianzisha Trump, 1957, ikatoka mara mbili tu ikafungwa. Akaenda kuanzisha Humbug pamoja na wenzake kina Will Elder, Jack Davis, Al Jaffee na Arnold Roth, hiyo ikafika namba 11 kati ya 1957 na 1958. Panic, ambayo EC, wachapishaji wa Mad, waliitoa wenyewe kuiga Mad yao wenyewe, ina 12. Not Brand Echh ya Marvel, ya 1967 mpaka 1969, ina 13. Plop! ya DC, 1973 mpaka 1976, ina 24. Mad ilipokuwa bado komiki ya rangi kabla ya kugeuka jarida ni 23 tu, ila hizo 23 zinatafutwa na dunia nzima kwahiyo usianzie hapo.

Kitu unachojifunza kwenye seti fupi ni kumaliza. Unajifunza kuwa namba tatu za mwisho zinakula muda kuliko nane za kwanza, unajifunza kungoja, unajifunza na mambo madogomadogo ambayo hakuna anayekwambia, mfano Humbug tisa za kwanza ni ndogo afu mbili za mwisho ni kubwa saizi ya jarida, sasa kama umenunua mifuko yote saizi moja hizo mbili hazina pa kukaa.

Beano je? Beano ilikuwa inatoka kila wiki na mwaka 2019 ilifikisha toleo la 4000. Usijiambie unaitafuta yote. Chagua mwaka mmoja, labda mwaka uliozaliwa au mwaka mchoraji unayempenda alipoingia, umalize huo. Au chagua vile vitabu vya mwaka vya jalada gumu, hivyo vinakamatika, ila vya zamani havijaandikwa mwaka kwenye jalada, inabidi uvijue kwa picha ya jalada, na vikija kuandikwa ule mwaka ni wa mbele, kwa sababu kitabu kinatoka kabla ya Krismasi kikiwa na tarehe ya mwaka unaofuata.

Natafuta Uncle Scrooge namba 1, 2 na 3 miaka yote hii sizioni, ni adimu kiasi gani?

Hili swali nalipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake ndo ukusanyaji wenyewe. Hauzioni kwa sababu hakuna jalada lililoandikwa Uncle Scrooge namba 1, wala 2, wala 3. Kampuni ya Dell ilikuwa na mfululizo mkubwa unaitwa Four Color, ulikuwa ni uwanja wa majaribio, kila toleo linambeba mhusika tofauti, leo bata, kesho mchunga ng'ombe, keshokutwa filamu fulani. Mhusika akiuza vizuri mara kadhaa anapewa mfululizo wake mwenyewe. Mjomba Scrooge, mmoja wa wale bata wa Disney, alipata toleo lake la kwanza 1952, nalo ni Four Color namba 386, afu 1953 yakafuata namba 456 na namba 495. Alipopewa mfululizo wake mwishoni mwa 1953 wachapishaji wakahesabu yale matatu ndo mwanzo, wakaanza na namba 4.

Kwahiyo mtu anayeandika "Uncle Scrooge 1" kwenye kisanduku cha kutafuta anaweza kukaa miaka kumi bila kitu wakati anayeandika "Four Color 386" anaziona wiki hiyohiyo. Zina bei kweli, sidanganyi, ila zipo. Donald Duck naye ni hivyohivyo, mfululizo wake unaanzia namba 26, Novemba na Desemba 1952, kwa sababu matoleo yaliyotangulia yamo ndani ya Four Color. Na Little Lulu wa kwanza kwenye komiki ni Four Color 74 ya 1945, ila yeye alipopewa mfululizo wake 1948 wakaanza na namba 1 kabisa, yaani kampuni ileile na haikufuata utaratibu mmoja.

Ndo maana nasema kabla ya kutoa hela tengeneza listi sahihi. Kwa uzoefu wangu nusu ya namba ambazo watu wanalia wamezikosa si kwamba ni adimu, ni listi imekosewa.

Listi sahihi naipata wapi sasa, nitajuaje namba ngapi zipo kweli?

Usihesabu kwa kukisia kuanzia 1 mpaka mwisho. Mfano mbaya kuliko yote ni Archie Giant Series Magazine: inaenda vizuri mpaka namba 35, inayofuata ni 136. Hizo mia moja za katikati hazikuchapishwa. Inaendelea mpaka 251 afu inaruka tena mpaka 452. Mtu asiyejua anaona mapengo mawili ya kutisha kwenye boksi lake wakati seti yake haina tatizo lolote.

Sehemu ya kwanza ya kuangalia ni Grand Comics Database, ni ya bure, inajengwa na wakusanyaji wenyewe, utakuta toleo kwa toleo na picha za majalada. Kwa Disney kuna INDUCKS, hiyo ni ya kina sana, inakuonyesha hadithi moja imechapishwa nchi gani na lini, kwahiyo hata kama unasoma kwa Kiitaliano au Kijerumani unaweza kujua hadithi yako ilianzia wapi. Halafu fungua komiki yenyewe usome yale maandishi madogo chini ya ukurasa wa kwanza au ndani ya jalada, pale ndo kuna jina rasmi la mfululizo, namba, mwezi na mchapishaji. Jalada linaweza kuandika jina kubwa la kuvutia wakati jina rasmi ni jingine kabisa, na listi zinapangwa kwa jina rasmi.

Angalia pia mfululizo umepita kwa nani na nani. Uncle Scrooge aliondoka Dell akaenda Gold Key kuanzia namba 40, baadaye ikawa jina la Whitman mpaka namba 209 mwaka 1984, kimya, afu Gladstone wakaichukua 1986 kuanzia 210. Ni mfululizo mmoja, hesabu moja. Ukiipanga kwa mchapishaji itakuchanganya.

Mimi listi yangu iko kwenye eksel lakini kila nikienda kwenye maonyesho nabeba ya karatasi, imekunjwa mara nne, namba nilizonazo nimezikata kwa kalamu nyekundu na pembeni ya nyingine nimeandika hali ya nakala niliyonayo ili nijue kama hii iliyo mbele yangu ni bora zaidi. Betri ya simu inaisha, karatasi haiishi chaji.

Kwa nini za miaka ya 40 ni ngumu hivyo?

Vita. Karatasi ilikuwa haba, na watu Marekani na Uingereza walihimizwa kukusanya karatasi kuukuu zikatengenezewe vitu vya vita, na watoto walikuwa mstari wa mbele wanapita nyumba kwa nyumba, kwahiyo komiki zilizokwisha kusomwa zikaenda na maji. Beano na Dandy zenyewe zikapunguzwa, zikawa zinatoka kwa zamu, wiki hii moja wiki ijayo nyingine, hali hiyo ikaendelea mpaka 1949.

Halafu kumbuka hizi komiki hazikutengenezwa zikae. Ni karatasi ileile ya gazeti, mtoto anasoma, anampa mwenzake, mwenzake anaikunja anaiweka mfuko wa nyuma wa suruali. Za vichekesho zilipata shida zaidi kuliko za mashujaa kwa sababu wasomaji wake walikuwa wadogo zaidi. Ndo maana nakala safi ya Little Lulu inanishangaza kila nikiiona, hiyo ilikuwa mikononi mwa watoto wa miaka saba.

Basi ya zamani zaidi ndo ngumu zaidi kupata?

Hapana, na hapa watu wanaumia sana. Angalia Uncle Scrooge namba 179, ya 1980. Wakati ule komiki za Whitman zilikuwa zinafungwa kwenye mifuko ya plastiki kadhaa kwa pamoja na kuuzwa kwenye maduka ya kawaida badala ya vibanda vya magazeti, na baadhi ya matoleo yakasambazwa kidogo mno. Namba 179 ni mojawapo. Nawajua wakusanyaji wenye zile za miaka ya 50 zote na wanahangaika na hiyo ya 1980. Za miaka ya 50 watu walishaanza kuziwinda zamani, maduka yakaziweka pembeni, zikawa zinazunguka sokoni, hiyo nyingine hakuna aliyejua kama ataihitaji.

Kwahiyo ukianza mfululizo uliza mapema zile ngumu ni zipi, uzitafute tangu siku ya kwanza. Usizifanye za mwisho.

Gredi zinasomwaje?

Gredi ni kipimo cha hali ya nakala, na mizani inayotumika sana inatoka 0.5 mpaka 10. Shida ni majina yake. Ukisoma "Good" unadhani ni nzuri, kumbe Good ni 2.0, ni nakala iliyochoka, mgongo umeviringika, jalada lina mikunjo, kona zimekatika kidogo, ila ni kamili na inasomeka. Very Good ni 4.0, Fine 6.0, Very Fine 8.0, Near Mint 9.4. Muuzaji akiandika tu "hali nzuri" bila namba muulize namba, na akikupa namba omba picha, na kwenye picha omba jalada la mbele, la nyuma, na ukurasa wa katikati ukiwa wazi pini zinaonekana. Anayekataa picha ya katikati mwache aende.

Kwa komiki za vichekesho mimi naridhika na Good na Very Good kwa sehemu kubwa ya seti. Nazisoma kweli, na sina sababu ya kulipia kona kali.

Nikiishika mkononi nikague nini?

Chukua muda wako, muuzaji wa kweli hatakukimbiza.

Kwanza hesabu kurasa. Nyingi za miaka ya 50 zina kurasa 32 za ndani ukiacha jalada, lakini hakikisha kwenye listi maana kuna zenye zaidi. Ukurasa wa katikati ndo unaochomoka kirahisi, na mtu anaweza kuisoma hadithi asigundue pengo mpaka usiku akiwa nyumbani.

Pili pindua kurasa moja moja hadi za matangazo. Niliwahi kununua Little Lulu iliyoandikwa kuwa ni kamili, jalada linang'aa, nikafurahi, nikafika karibu na mwisho nikakuta dirisha la mstatili limekatwa kwa mkasi vizuri kabisa, mtoto fulani alikata kuponi ya tangazo akaituma, na nyuma ya kuponi ndo palikuwa na kichekesho chenyewe, ile picha ya mwisho ambayo hadithi nzima inaielekea. Muuzaji hakuikagua, na mimi sikuuliza. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza ni kuponi.

Tatu pini. Angalia kutu, na angalia kama kila pini imepita kwenye tundu moja. Ukiona matundu mawili mawili kwenye jalada ujue pini zimewahi kutolewa, inawezekana jalada ni la nakala moja na kurasa ni za nyingine. Nne, pima upana ukilinganisha na nakala nyingine ya mwaka uleule, kuna watu wanakata kingo zilizochakaa zionekane safi. Tano, nusa. Harufu ya karatasi ya zamani ni sawa, ina utamu fulani, harufu ya koga ni kitu kingine na inaambukiza boksi zima.

Kuna mkunjo mmoja ambao ukiuona usishtuke, unapita wima katikati ya jalada kutoka juu mpaka chini. Huo ni wa posta. Watoto waliolipia kwa mwaka walikuwa wanatumiwa komiki imekunjwa katikati, na Disney walikuwa na wanachama wengi sana wa aina hiyo. Unashusha gredi, ndiyo, ila nakala hizo mara nyingi ndani ni safi kwa sababu zilienda kwa mtoto mmoja tu. Na zile tarehe zilizoandikwa kwa penseli kwenye jalada ni muuza magazeti alikuwa anaandika siku mzigo ulipofika, mimi nazipenda, usizifute.

Nimepata nakala haina sehemu ya juu ya jalada, imekatwa imenyooka kabisa, ni nini hiyo?

Hiyo haikuuzwa. Muuza magazeti alikuwa anakata kipande cha jalada chenye jina na kukirudisha kwa msambazaji ili arudishiwe hela, komiki iliyobaki ilitakiwa itupwe. Nyingi hazikutupwa. Ni nakala ya kusomea, inunue kwa bei ya kusomea.

Asterix chapa ya kwanza naijuaje?

Albamu ya kwanza kabisa ilitoka 1961. Kwa hizi za Ufaransa usiamini mwaka wa haki za mwandishi pekee, kwa sababu chapa za baadaye zinaubeba uleule. Geuza nyuma usome orodha ya albamu. Chapa ya kwanza haiwezi kutaja albamu ambayo ilikuwa bado haijatoka, kwahiyo orodha ikiwa inaendelea mbele zaidi ya kitabu ulichoshika, hiyo ni chapa ya baadaye. Ni njia rahisi na ndo inayotumika kuanza kuchuja, baada ya hapo unaingia kwenye mambo ya mgongo wa kitambaa na bei zilizochapwa.

Je, ni kweli Mad iligeuzwa jarida kukwepa udhibiti?

Inasemwa hivyo kila mahali. Ni kweli mwaka 1954 kulikuwa na vikao vya Seneti ya Marekani kuhusu komiki na ikaundwa Comics Code, na ni kweli jarida halikubanwa na ile sheria ya wachapishaji. Lakini Kurtzman alikuwa amepata nafasi ya kazi kwenye jarida jingine, na William Gaines, mchapishaji wake, akakubali kuigeuza Mad kuwa jarida ili asimpoteze. Namba 23 ndo komiki ya mwisho, namba 24 ya Julai 1955 ndo jarida la kwanza. Kwa mkusanyaji maana yake ni kwamba una seti mbili ndani ya hesabu moja, na wengi wanamaliza moja tu na ni sawa kabisa.

Imechanika kidogo, nibandike seloteipu?

Usibandike. Tafadhali. Gundi inakuwa ya njano, inapenya kwenye karatasi, baadaye plastiki inabanduka na doa linabaki milele. Mchaniko uache ulivyo, weka nakala kwenye mfuko na ubao (kipande cha karatasi ngumu) nyuma yake, haitaendelea. Wala usipake rangi kwa kalamu pale jalada lilipochubuka, mnunuzi mzoefu ataigeuza upande wa nyuma au ataimulika kwa taa ya zambarau na rangi itajitokeza, na nakala iliyopakwa rangi inashuka thamani kuliko ile iliyochubuka tu.

Nihifadhije?

Adui ni asidi iliyomo ndani ya karatasi yenyewe, halafu unyevu, joto na mwanga. Asidi hauwezi kuitoa, ila unaweza kuichelewesha. Mfuko bora ni wa poliesta, ule mgumu unaong'aa kama kioo, watu wanauita Mylar. Wa polipropilini ni sawa ila ubadilishe baada ya miaka michache, ukianza kuwa na mawimbi au ukungu tayari umechelewa. Ubao wa nyuma uwe wa karatasi isiyo na asidi. Zisimamishe wima ndani ya boksi, zikaze kiasi zisipinde, wala zisibanwe mpaka unapovuta moja mbili zinakuja nayo. Boksi lisikae sakafuni hata siku moja, bomba likipasuka usiku litaanzia hapo.

Zingatia saizi. Komiki za miaka ya 40 ni pana kuliko za miaka ya 60, ukilazimisha mfuko mwembamba unaumiza kingo zote mbili kwa mara moja.

Na kitu kidogo ambacho kimeharibu majalada mengi kuliko mchwa: ile gundi ya kufungia mfuko. Unavuta komiki nje, mdomo wa mfuko una gundi wazi, jalada linagusa, ukitahamaki umeng'oa kipande cha rangi. Mimi nakunja ule mdomo nyuma kabisa na kuushika kwa kidole gumba kabla sijavuta chochote.

Nizipeleke zikafungwe kwenye plastiki ngumu na kupewa gredi?

Kampuni kama CGC inafanya hiyo kazi tangu 2000. Kwa nakala ya gharama kubwa unayotaka kuuza, ndiyo, mnunuzi anapata uhakika. Kwa seti ya kusoma, hapana, ikishafungwa hauifungui tena bila kupoteza ile gredi, na komiki ya vichekesho isiyoweza kufunguliwa mimi hainisaidii.

Muuzaji anaitumaje isiharibike?

Muulize kabla ya kulipa. Inatakiwa mfuko na ubao, afu kadibodi mbili ngumu kubwa kuliko komiki, mistari ya kadibodi moja ikienda wima na ya nyingine ikienda ulalo ili zisikunjike, na komiki ishikizwe isitembee ndani. Niliwahi kutumiwa Humbug imeviringishwa kwenye bomba kama ramani, imefika ikiwa duara, na mgongo ulikuwa umeshapasuka sehemu mbili. Aliyetuma alikuwa na nia njema, alidhani analinda. Tangu hapo naandika maelekezo mwenyewe, mistari mitatu, namtumia muuzaji pamoja na malipo.

Imebaki namba moja tu na imegoma, nifanye nini?

Kwanza rudi kwenye listi. Una uhakika ipo? Una uhakika jina ni hilo? Haijatoka chini ya jina jingine kama kina Scrooge? Haina chapa mbili? Mwishoni mwa miaka ya 50 Dell walijaribu kuuza baadhi ya komiki kwa senti 15 sehemu kadhaa wakati kwingine ilikuwa bado 10, kwahiyo unaweza kuwa unakataa nakala nzuri kwa kudhani si yenyewe.

Pili waambie watu. Wakusanyaji wana tabia ya kuficha wanachotafuta wakiogopa kupandishiwa bei, na inawachelewesha sana. Namba zangu ngumu karibu zote nilizipata kwa mtu mwingine anayemalizia seti hiyohiyo, ambaye alibadilisha nakala yake kwa nzuri zaidi akabaki na ile ya zamani. Mtu huyo anafurahi ikienda kwa anayeihitaji. Na wewe ukiboresha nakala yako fanya hivyohivyo, mpe anayeanza.

Tatu fikiria kununua fungu zima. Wakati mwingine namba moja inauzwa ghali ikiwa peke yake lakini imo ndani ya boksi la namba 40 ambalo mwenyewe anataka liondoke. Unachukua boksi, unatoa yako, zilizobaki unabadilishana.

Nne, chukua mbovu. Nakala isiyo na jalada la nyuma, iliyoandikwa jina la mtoto kwa kalamu, chukua, iweke mahali pake, isome. Nzuri ikija utaibadilisha.

Kuna tofauti gani kati ya kusoma marudio na kusoma ya asili?

Hadithi ni ileile na marudio, yaani zile zilizochapishwa upya baadaye, yamesaidia watu wengi kusoma vitu wasingeweza kuvinunua, sina ubaya nayo. Lakini komiki za bata kwa miaka mingi hazikuandika jina la Barks popote. Wasomaji waliokuwa wanazinunua kila mwezi walimjua kwa mkono wake tu, wakawa wanamwita yule mchoraji mzuri wa bata, mpaka karibu na 1960 ndo mashabiki wakafanikiwa kumpata na kumwandikia barua. Ukipindua toleo la asili, hadithi yake ikafuatiwa na ya mtu mwingine, unaiona tofauti ileile waliyoiona wale watoto, bila mtu kukwambia. Kitabu cha marudio kimeshakwambia jina kwenye jalada.

Seti imekamilika, sasa?

Isome yote kwa mpangilio, namba ya kwanza mpaka ya mwisho, bila kuruka. Humbug yangu ilipokamilika nilisoma zote 11 kwa siku mbili na ndo nilielewa kwa nini zile mbili za mwisho ni kubwa, unawaona kabisa wanajaribu kila njia gazeti lisife.

Baada ya hapo piga picha kila jalada, hifadhi picha sehemu mbili tofauti, andika ulipata wapi kila moja na lini. Afu andika karatasi moja uiweke mbele kabisa ndani ya boksi, juu ya komiki ya kwanza, isomeke na mtu asiyejua chochote. Yangu ya Scrooge inasema: hizi tatu za mwanzo zimeandikwa Four Color 386, 456 na 495, ndo namba 1, 2 na 3, msizitoe humu.